Wanafunzi Hamsini, Mipira Minne: Jinsi ya Kufundisha Ufundi wa Mpira Sekondari kwa Kadi

Kila Januari shule zikifunguliwa nauliza moyoni nani atatangulia kunipigia. Huwa ni mwalimu kijana, amefika kituo kipya Chemba au Mpwapwa, hapa Dodoma, amekabidhiwa michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Maswali ni yale yale. Nina wanafunzi hamsini na mipira minne, nianzie wapi? Hizo kadi zako zinataka kompyuta? Mimi sijawahi hata kukaa benchi la timu ya mtaa, nitaweza? Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba saba, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Kompyuta haihitajiki. Kucheza mpira si lazima uwe umecheza, ila lazima uwe na macho na uvumilivu wa kuandika. Na pa kuanzia ni kwenye karatasi, kabla hujagusa filimbi.

Njia yenyewe inaitwa ufundishaji kwa programu. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliipigia debe kuanzia 1954, mwaka mmoja baada ya kutembelea darasa la hesabu la binti yake na kuona watoto wanafanya maswali bila kujua kama wamepata au wamekosa. Dawa yake ilikuwa hii: somo livunjwe vipande vidogo, mwanafunzi atende jambo kwenye kila kipande, ajue matokeo hapo hapo, na kila mmoja aende kwa mwendo wake. Mmarekani mwingine, Norman Crowder, akaongeza matawi, yaani anayekosea anapelekwa kwenye kipande cha kumrekebisha badala ya kurudia tu. Nadharia inatosha. Skinner alitumia mashine ya kufundishia; sisi mashine hiyo tunaigeuza kadi za manila, na jibu sahihi linatolewa na mpira wenyewe.

Kwa nini inafaa kwetu hasa? Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na msimu huo ndio wa jembe. Mwanafunzi anakosa wiki nzima yuko shambani kwa baba yake. Ukifundisha kundi zima kwa pamoja, akirudi amepitwa. Kwa kadi, akirudi anaanza pale alipoishia.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Karatasi za manila 6 au zaidi, kalamu nene, gundi ya karatasi na selotepu pana ya kufunika kadi zisilowe.
- Uzi wa katani. Kila kadi itobolewe na ivaliwe shingoni na mkaguzi, yaani mwanafunzi anayemkagua mwenzake. Upepo wa Julai na Agosti hapa hauna adabu. Niliwahi kukimbiza Kadi 7 hadi kwenye shamba la mtu.
- Mipira yoyote uliyonayo. Wa dukani uwe namba 5, mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Usiujaze upepo hadi uwe jiwe, kwa kuwa kwenye ardhi ngumu utadunda ovyo na mwanafunzi ataonekana hajui kutuliza.
- Mipira 6 ya chandimu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, vijana wanasuka kwa matambara na sponji za magodoro chakavu. Ni mizito kidogo, haidundi sana, na kwa pasi za chini inafaa kuliko unavyodhani.
- Makopo au chupa zilizojazwa mchanga nusu, 40 hivi. Hizo ndizo koni zako.
- Chaki za mabaki kutoka madarasani.
- Kaunta buku moja ya kumbukumbu.
- Fagio na vijana wanne wa kuokota mbigili. Usiruke hili. Mbigili mmoja unamaliza mpira wa shilingi elfu thelathini, na mwanafunzi anayecheza peku anamaliza wiki anachechemea.

Hatua ya 1: Chagua ufundi mmoja tu

Mmoja. Usiandike "kuwafundisha mpira". Andika sentensi inayoonekana kwa macho na kuhesabika. Mimi huanza na hii: "Akiwa mita 5 kutoka lango la upana wa mita 1, mwanafunzi anapitisha pasi 8 kati ya 10 kwa ndani ya mguu, kwa kila mguu." Huwezi kubishana na sentensi hiyo. Lakini ukiandika "aweze kupiga pasi nzuri", utabishana na kila mtu, pamoja na mkuu wa shule.

Pasi na kutuliza ndivyo vya kwanza. Kurusha mpira wa pembeni nako kunakubali kadi kirahisi, kwa kuwa sheria yenyewe imeshaandika masharti: uso uelekee uwanjani, miguu yote iguse chini, juu ya mstari au nje yake, mpira ushikwe kwa mikono miwili na utoke nyuma ya kichwa kupita juu yake. Hayo ni maswali ya mkaguzi tayari. Kukokota mpira kunafuata. Kichwa, yaani kupiga mpira kwa kichwa, usikiweke kwenye kadi. Kifundishe mwenyewe ukiwa umesimama pale, kwa mpira mwepesi na marudio machache.

Hatua ya 2: Wapime kabla

Kila mmoja apige pasi 10 kwenye lango, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Andika kwenye kaunta buku. Wakiwa 48 na malango manne, inaisha kipindi kimoja. Wapo watakaopata 9 kwa 10 siku hiyo hiyo; hao ni wa ndondo za mtaani, usiwachoshe na Kadi 1. Waanzie Kadi 6.

Hatua ya 3: Vunja ufundi vipande vidogo kuliko unavyotaka

Hapa ndipo walimu wengi wanaanguka, na mimi nilianguka wa kwanza. Programu yangu ya kwanza, nikiwa shule moja upande wa Bahi, ilikuwa na kadi tatu. Kadi ya pili peke yake ilikuwa na maagizo kumi na manne. Wanafunzi waliigeuza feni.

Tafuta mwanafunzi anayejua. Mwambie apige pasi taratibu mara ishirini, wewe ukiwa umechuchumaa pembeni na daftari. Usitazame mpira unakokwenda, tazama mwili. Mguu wa kuegemea unakanyaga wapi? Vidole vyake vinaelekea wapi? Mguu unaopiga umegeuka kiasi gani? Kifua kiko wapi? Kila jibu ni kadi.

Hatua ya 4: Andika kadi

Kila kadi iwe na vitu vitatu tu: tendo moja, swali moja la mkaguzi linalojibiwa ndiyo au hapana, na agizo la kwenda. Andika kwa Kiswahili, hata kama masomo mengine darasani ni kwa Kiingereza. Hupimi lugha hapa. Herufi ziwe kubwa, na mchoro wa mguu usaidie. Kama hujui kuchora, yuko mwanafunzi anayejua.

Hizi ni zangu za pasi. Zichukue, uzibadilishe.

*Kadi 1 (kavu, yaani bila mpira).* Simama kwa mguu wa kushoto. Nyanyua wa kulia kidogo, ugeuze mpaka vidole vitazame pembeni. Mkaguzi: ukiwa mbele yake, unaona upande wote wa ndani wa mguu, kisigino hadi kidole gumba? Ndiyo mara 5 mfululizo, nenda Kadi 2. Hapana, nenda 1A.

*Kadi 1A.* Kaa chini. Geuza mguu kwa mikono yako, paka chaki pale katikati ya kisigino na kidole gumba. Simama, gusa kopo kwa chaki hiyo. Mkaguzi: kopo limeshika chaki? Ndiyo mara 3, rudi Kadi 1.

*Kadi 2 (kavu).* Chora duara la ukubwa wa mpira chini. Njoo hatua tatu, kanyaga kwa mguu wa kushoto kando ya duara, kisha ondoka. Mkaguzi: alama ya unyayo iko kiganja kimoja kutoka kwenye duara, na vidole vinatazama lango? Ndiyo mara 4 kati ya 5, nenda Kadi 3.

Nisimame hapo kidogo. Vumbi hili linalotutoa machozi mwezi wa nane ndilo mkaguzi bora niliyewahi kuwa naye. Unyayo haudanganyi wala haumwogopi kaka mkuu. Mwenye uwanja wa nyasi hana anasa hii.

*Kadi 3.* Paka chaki ndani ya kiatu au mguu. Mpira umesimama. Piga taratibu kwa mwenzako aliye hatua 3. Mkaguzi: chaki imebaki kwenye mpira, katikati ya urefu wake? Ndiyo mara 4 kati ya 5, nenda Kadi 4.

*Kadi 4.* Lango la makopo mawili, upana mita 1, umbali mita 5. Piga 10. Mkaguzi: zimepita 8 au zaidi? Ndiyo, nenda Kadi 5. Hapana, mpira unakwenda pembeni: 4A. Mpira unaruka juu: 4B.

*Kadi 5.* Rudia 1 hadi 4 kwa mguu mwingine.

*Kadi 6.* Kutuliza. Mwenzako anaviringisha mpira kwa mkono kutoka mita 5. Uutulize kwa ndani ya mguu. Mkaguzi: mpira umesimama ndani ya mraba wa hatua moja? Ndiyo mara 8 kati ya 10, nenda Kadi 7. Hapana, nenda 6A.

*Kadi 7.* Pokea, piga. Migusi miwili, si zaidi. Pasi 10 bila mpira kutoka njia ya upana wa mita 2.

*Kadi 8.* Mpira ukiwa njiani kuja kwako, mkaguzi aliye nyuma ya mpigaji ananyanyua vidole. Taja idadi kabla hujagusa mpira. Mkaguzi: ametaja sawa na mpira umetulia? Mara 7 kati ya 10.

*Kadi 9.* Kama 7, lakini mtu mmoja anakuja kukukaba kwa kutembea. Akikimbia amekosea yeye.

Kadi 8 ndiyo wanafunzi wanaipenda kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha anayepiga mpira na anayecheza mpira. Ukikosa muda wa kuandika zote, hiyo usiiache.

Hatua ya 5: Andika matawi kutokana na makosa uliyoyaona

Usibuni makosa mezani. Subiri uyaone. Kwa pasi, yanayojirudia ni machache. Mpira unakwenda pembeni kwa sababu unyayo wa kuegemea haukutazama lango (4A inamrudisha kwenye alama ya vumbi). Mpira unaruka kwa sababu amelala nyuma au amepiga chini ya mpira. 4B inamwambia apige huku kidevu kikiwa juu ya goti, na mkaguzi anatazama hilo tu. Kwenye kutuliza, mpira unadunda mguuni kama umepiga ukuta kwa sababu kifundo kimekaza. 6A ni hii: mwenzako anakudondoshea mpira, wewe unaupokea kwa mguu unaorudi nyuma, kama unavyodaka yai.

Onyo: kadi ya tawi isiwe na tawi lake. Ukifika 4B-ii, jua Kadi 4 yenyewe ni kubwa mno. Ivunje.

Hatua ya 6: Jaribu kwa watatu kabla ya hamsini

Chagua mmoja anayejua, mmoja wa kati, mmoja ambaye hajawahi kupangwa hata kwenye timu ya darasa. Wape kadi, kaa pembeni, nyamaza. Ni ngumu, mwalimu. Mdomo utawasha. Lakini kila unapotaka kueleza jambo, maana yake kadi haijalieleza. Liandike kwenye daftari na urekebishe usiku.

Wawili wakikwama kadi moja, kosa ni la kadi. Hata mmoja akikwama mara tatu, itazame tena. Mwanafunzi anayekosea kila mara hajifunzi pasi, anajifunza kwamba mpira si wake.

Hatua ya 7: Panga makundi na kiwanja

Watatu watatu: mtendaji, mwenzake, na mkaguzi mwenye kadi shingoni. Wanabadilishana kila kadi. Wanafunzi 48 ni makundi 16. Ukiwa na mipira minne ya dukani na sita ya chandimu, makundi kumi yana mpira na sita yako kwenye kadi kavu. Zungusha kila dakika 8, hakikisha hakuna kundi linalokaa kavu mara mbili mfululizo.

Usipange watatu wanaolingana. Wala usitenge wasichana kona ya mbali yenye mpira mbovu. Nimeona hilo mara nyingi mno. Mwezi wa sita ikifika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, shule ile ile inalalamika haina timu ya wasichana.

Anza saa kumi jioni jua likishuka, ndoo ya maji ya kunywa iwe kivulini.

Hatua ya 8: Kipindi cha kwanza fundisha ukaguzi, si mpira

Kaa nao chini ya mti. Chukua Kadi 2, mwite mmoja akanyage vibaya kwa makusudi, uliza wote: ndiyo au hapana? Rudia hadi wajibu kwa sauti moja. Mkaguzi hasemi "vizuri" wala "jitahidi". Anasema ndiyo au hapana, papo hapo, kabla mpira haujarudi. Jibu linalokuja baada ya pasi tatu halina kazi tena.

Hatua ya 9: Endesha, huku ukipita pita

Kazi yako sasa ni kuzunguka na kaunta buku. Kila mwanafunzi ana mstari wake. Andika namba ya kadi aliyofikia na tarehe. Kagua wakaguzi: simama nyuma ya kundi, hesabu kimya pasi tano, linganisha na walichoandika. Usipulize filimbi kusimamisha wote ili umrekebishe mmoja.

Hatua ya 10: Dakika 20 za mwisho ni mechi

Kila siku, bila kukosa. Wanne kwa wanne, malango madogo, bila kipa. Kadi hazifundishi kusoma mchezo, wala hazitamwambia winga lini akate kuingia ndani. Na mwanafunzi aliyekuja kucheza ukimnyima mechi, kesho hutamwona. Unaweza kuweka sharti moja la mechi kutokana na kadi za siku hiyo, mfano migusi miwili. Mawili yanaua mchezo.

Hatua ya 11: Pima tena

Anayemaliza Kadi 9 anarudia jaribio la Hatua ya 2. Mwonyeshe namba zake mbili, ya kwanza na ya sasa, yeye peke yake. Usibandike ukutani.

Yakiharibika

*Wote wanamaliza kadi zote siku mbili.* Wakaguzi wanapitisha marafiki. Badilisha makundi, na weka utaratibu kwamba Kadi 4 na 7 zinakaguliwa na kundi jirani.

*Kijana wa ndondo anadharau.* Mrudishe Kadi 5. Wengi wao wana mguu mmoja tu. Akipata 3 kwa 10 kwa kushoto mbele ya wenzake atanyamaza mwenyewe, huna haja ya kumsema.

*Mwanafunzi anasoma kwa shida.* Mkaguzi asome kwa sauti. Mara nyingi baada ya kadi tatu anazijua kwa kichwa.

*Amekwama Kadi 6 wiki ya pili.* Kwanza badilisha mpira. Mpe wa chandimu, usiodunda. Kisha kaa umtazame macho. Kama anamtazama anayeviringisha badala ya mpira, andika tawi jipya, 6B: chora namba kwenye mpira kwa chaki, aisome mpira ukiwa unakuja.

*Pasi ni nzuri kwenye kadi, mbovu kwenye mechi.* Ni kawaida kwa wiki chache. Zikizidi, Kadi 9 ni rahisi mno kwake. Andika ya 10, mkabaji aruhusiwe kukimbia kuanzia hatua tano.

*Mvua imegeuza kiwanja kuwa tope.* Alama za unyayo hazisomeki na mpira hauviringiki. Hamia kwenye kurusha mpira wa pembeni, au ukuta wa darasa usio na madirisha. Omba ruhusa kwanza. Rangi ikichafuka, bili itakuja kwako, na mimi niliilipa.

*Mkuu wa shule anauliza mbona mwalimu umekaa kimya wanafunzi wanafanya kazi.* Mpe kaunta buku.